Urafiki wa Miaka 650: Ureno, Uingereza na Pipa la Mvinyo

Ndugu mkulima, tazama ndani ya nyumba yako. Utaona meza. Ukienda shuleni kwa watoto wako utaona bendera. Na ukimsikia mtu akisema kwamba mwizi wa ng'ombe amepelekwa gerezani, wajua maana yake. Maneno hayo matatu, meza, bendera na gereza, tuliyapata kwa Wareno, watu waliofika pwani yetu kwa merikebu zamani. Hata mahindi unayopanda kila mwaka asili yake ni Amerika, na Wareno ni miongoni mwa watu walioyaleta Afrika.

Lakini leo hatutasimulia habari za Wareno wa Mombasa. Twataka kukueleza mapatano waliyofanya na Waingereza mwaka wa 1373, mapatano ambayo hayajafutwa hata leo. Mara nyingi watu huyataja kuwa ndiyo ya zamani kuliko yote duniani kati ya nchi mbili, katika yale yanayotambuliwa bado.

Huenda ukauliza, "Mapatano ya wafalme wa Ulaya yanihusu nini mimi, mwenye ng'ombe watatu na robo eka ya chai?" Yakuhusu sana. Habari hii si ya wafalme na askari peke yao. Ndani yake wamo wakulima wa milimani waliouza zao moja kwa mnunuzi mmoja, wakatajirika, wakaharibu mali yao kwa mikono yao wenyewe, kisha wakasimama tena. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

MAPATANO YALIVYOANZA

Ureno ni nchi ndogo kando ya bahari, na jirani yake wa nchi kavu ni mmoja tu. Jirani huyo, ambaye leo twamwita Hispania, tangu zamani alikuwa na nguvu kuliko yeye. Wakati ule sehemu yake kubwa iliitwa Castile. Uingereza nayo ilikuwa ikipigana na Ufaransa, na mfalme wa Castile alikuwa upande wa Wafaransa. Basi Mreno na Mwingereza wakaona kwamba shida yao ni moja.

Tarehe 16 Juni, 1373, wajumbe wao walikutana London katika kanisa la St Paul's, wakatia sahihi. Waliahidiana kwamba rafiki wa mmoja atakuwa rafiki wa mwingine, na adui wa mmoja atakuwa adui wa mwingine, na kwamba mmoja akishambuliwa mwenzake atampelekea msaada.

Ahadi hiyo haikukaa muda mrefu kabla ya kujaribiwa. Mwaka wa 1385 jeshi kubwa la Castile liliingia Ureno. Tarehe 14 Agosti, mahali paitwapo Aljubarrota, Wareno wakisaidiwa na wapiga mishale wa Kiingereza walilishinda jeshi hilo ijapokuwa wao walikuwa wachache. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Mei, 1386, mapatano yalitiwa nguvu tena huko Windsor. Na mwaka wa 1387 mfalme wa Ureno, John wa Kwanza, alimwoa Philippa, binti wa mkuu mmoja wa Uingereza. Sisi Waafrika twajua jambo hilo: ahadi ya mdomo ni ahadi, lakini koo mbili zikioana, neno huwa zito zaidi.

Mmoja wa wana wa ndoa hiyo alikuwa Henry, ambaye alitumia mali nyingi kupeleka merikebu za Wareno kusini, kando ya pwani ya Afrika. Kazi aliyoianza iliendelea baada ya kufa kwake, hata mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama akafika Mombasa, kisha Malindi. Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, nao wakaishikilia mpaka Waarabu wa Oman walipoitwaa mwaka wa 1698. Basi waona jinsi mambo ya mbali yanavyoweza kumfikia mtu kwake bila ya yeye kuulizwa.

NGUO KWA MVINYO

Sasa tuje kwenye biashara. Tarehe 27 Desemba, 1703, Mwingereza aitwaye John Methuen alitia sahihi mapatano mengine huko Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mapatano hayo yalikuwa mafupi sana, na shabaha yake ni mbili tu. Kwanza, nguo za sufu za Uingereza zitaruhusiwa kuingia Ureno. Pili, mvinyo wa Ureno ukiingia Uingereza utalipiwa ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa mvinyo wa Ufaransa.

Maana yake ni hii. Tuseme pipa la mvinyo wa Ufaransa linatozwa shilingi 90 forodhani. Basi pipa kama hilo kutoka Ureno halitatozwa zaidi ya shilingi 60. Mnunuzi wa London hupenda mali ya bei nafuu kama vile mnunuzi wa Nakuru apendavyo. Kwa hiyo mvinyo wa Ureno ukauzwa kwa wingi.

Mvinyo huo ulitoka zaidi katika bonde la mto Douro, kaskazini ya nchi. Huko ni milima mikali yenye mawe mengi. Wakulima waliikata milima hiyo matuta kwa mikono, wakajenga kuta za mawe ili udongo usiteremke mtoni, ndipo wakapanda mizabibu. Mkulima wa Machakos au wa Murang'a angeyaona matuta hayo angejua mara moja kazi iliyofanywa. Mapipa yaliteremshwa mtoni kwa mashua mpaka mji wa Porto, na huko wafanyabiashara Waingereza waliyanunua, wakayapakia melini. Ili mvinyo usiharibike baharini walitia pombe kali kidogo ndani yake. Ndiyo asili ya mvinyo mtamu wenye nguvu unaoitwa kwa jina la mji huo.

Kwa miaka mingi mkulima wa Douro alipata fedha. Lakini si kila Mreno aliyefaidika. Mafundi wa nguo wa Ureno walishindwa kushindana na sufu ya Uingereza, na viwanda vyao vikadhoofika. Nguo walizonunua Wareno zilikuwa na thamani kubwa kuliko mvinyo waliouza, nao wakalipa tofauti kwa dhahabu iliyotoka koloni lao la Brazil. Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka wa 1817, mtaalamu wa uchumi David Ricardo alitumia mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno kuonyesha kwamba nchi mbili zikifanya kila moja kazi inayoiweza zaidi, zote mbili hupata faida. Maneno yake yana kweli. Lakini fundi wa nguo aliyepoteza kazi yake hakushibishwa na hesabu hiyo.

MCHANGANYIKO ULIOHARIBU SOKO

Soko likiwa zuri, tamaa huingia. Watu wengi walianza kupanda mizabibu hata mahali pasipofaa. Mvinyo ukawa mwingi, na mwingine mbaya. Watu wengine walitia ndani yake maji ya matunda meusi ya mti uitwao sabugueiro ili uonekane mwekundu na mzito. Wengine walitia sukari na pombe kali ya hovyo. Ni sawasawa na mtu atiaye maji katika maziwa kabla ya kuyapeleka kituoni, akifikiri kwamba katika mapipa mengi hapana atakayejua.

Lakini walijua. Wanywaji wa Uingereza walianza kuukataa mvinyo huo, na karibu na mwaka wa 1755 bei ilikuwa imeanguka vibaya. Mwaka wa 1754 wafanyabiashara Waingereza wa Porto waliandika barua kuwalaumu wakulima kwa uchafu wao. Jibu likatoka Douro kwamba wanunuzi wenyewe ndio waliotaka mvinyo uwe mweusi, mtamu na mkali kuliko ulivyoumbwa. Kila upande ukamnyoshea mwenzake kidole, na mapipa yakabaki ghalani.

Angalia, ndugu mkulima, ni nani aliyeumia zaidi. Mfanyabiashara aliweza kununua mali nyingine mahali pengine. Mkulima mwenye mizabibu mlimani hakuwa na pengine pa kwenda. Na yule aliyeuza mvinyo safi alipata hasara ile ile aliyopata mchafuzi, kwa kuwa mapipa yao yote yaliitwa kwa jina moja.

MAWE YA MIPAKA

Dawa ilipatikana mwaka wa 1756. Waziri mkuu wa mfalme, ambaye baadaye alijulikana kama Marquis wa Pombal, aliunda chama kikubwa cha kusimamia mvinyo wa Douro. Kwanza sehemu zinazofaa kwa mvinyo bora zilipimwa, na mawe ya mipaka yakasimamishwa, kama bikoni zilizopandwa kwenye pembe za shamba lako. Mvinyo wa nje ya mawe hayo haukuruhusiwa kuuzwa Uingereza kwa jina la mvinyo wa daraja la juu. Pili, watu maalum waliuonja mvinyo na kuupanga kwa madaraja, na kila daraja likawa na bei yake. Tatu, miti ya sabugueiro katika bonde lile iliamriwa ing'olewe.

Mengine ya mawe hayo yangali yamesimama, na bonde la Douro lajulikana kuwa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kuwekewa mipaka na kanuni za namna hiyo. Jina la mvinyo wao likapona.

Hata hivyo haifai kukueleza upande mmoja tu. Chama hicho kilipewa mamlaka makubwa mno, na watu wa kawaida hawakuwa na sauti ndani yake. Mwaka wa 1757 watu wa Porto waliona kwamba wamenyimwa riziki, wakafanya ghasia. Serikali iliwaadhibu kwa ukali sana, na wengine walinyongwa. Kanuni njema ya kulinda mali bora iligeuka kuwa mzigo pale ambapo wenye mali hawakuulizwa.

Jambo jingine lilihusu chakula. Kwa kupenda fedha za mvinyo, watu walikuwa wamepanda mizabibu hata katika mabonde yenye rutuba ya kufaa nafaka, na nchi ililazimika kununua nafaka ng'ambo. Mwaka wa 1765 iliamriwa kwamba mizabibu ya mabonde kadha ing'olewe ili nafaka ipandwe. Fikiri uchungu wa kung'oa mmea uliouotesha mwenyewe, kwa sababu tu hapo kwanza hukufikiri tumbo.

SIKU YA DHIKI

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, mapatano haya yalifaa siku ya dhiki?

Tarehe 1 Novemba, 1755, mtetemeko mkubwa wa ardhi uliuangusha mji wa Lisbon. Moto na mawimbi ya bahari vikafuata, na watu maelfu kwa maelfu walikufa. Bunge la Uingereza lilitoa pauni 100,000 za msaada.

Mwaka wa 1807 majeshi ya Napoleon wa Ufaransa yaliingia Ureno. Manowari za Kiingereza ziliisindikiza jamaa ya mfalme mpaka Brazil, na mwaka uliofuata askari Waingereza waliteremka Ureno chini ya Arthur Wellesley, ambaye baadaye aliitwa Wellington. Wareno na Waingereza wakajenga ngome juu ya vilima kaskazini ya Lisbon, mahali paitwapo Torres Vedras, na mwaka wa 1810 Wafaransa walikwama hapo, wakashindwa kuuchukua mji.

Katika vita vya pili vya dunia ilikuwa zamu ya Mreno kusaidia. Ureno haikuwa vitani. Lakini mwaka wa 1943 Waingereza waliomba nafasi ya ndege zao katika visiwa vya Azores, vilivyo katikati ya bahari ya Atlantiki, ili wazilinde meli dhidi ya nyambizi za Wajerumani. Wareno walikubali. Waziri Mkuu Churchill alipowaeleza wabunge habari hiyo mwezi wa Oktoba, aliyataja mapatano ya mwaka 1373. Karatasi ya miaka 570 ilifanya kazi.

RAFIKI MKUBWA NA RAFIKI MDOGO

Hata hivyo urafiki huu ulikuwa na siku mbaya pia. Tangu 1580 hata 1640 Ureno ilitawaliwa na mfalme wa Hispania, na katika miaka hiyo Waingereza waliwapiga Wareno kama adui wengine. Urafiki ulirudi baada ya Ureno kupata mfalme wake tena. Mwaka wa 1662 binti wa Ureno, Catherine wa Braganza, aliolewa na Charles wa Pili wa Uingereza. Yasemwa kwamba yeye ndiye aliyewafanya wakubwa wa huko wapende kunywa chai. Mkulima wa chai wa Kericho au Kisii anayo sababu ya kulikumbuka jina lake.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 11 Januari, 1890. Ureno ilitaka kuunganisha Angola na Msumbiji kwa kuzitwaa nchi zilizo katikati. Uingereza nayo ilizitaka nchi hizo hizo, zikiwa ndani yake sehemu za Zimbabwe na Malawi za leo. Waingereza walimwambia rafiki yao aondoe watu wake mara moja, la sivyo watavunja uhusiano. Mreno hakuwa na nguvu, akaondoka. Hasira ya watu wake ilikuwa kubwa, hata wimbo wao wa taifa wa leo ulitungwa kwa sababu ya aibu hiyo.

Nasi twatazama jambo hilo kwa macho ya Kiafrika. Marafiki wawili waligombania shamba, na mwenye shamba hakuitwa barazani. Hata katika vita vya kwanza vya dunia, baada ya Ujerumani kutangaza vita juu ya Ureno mwaka wa 1916, vita vilivuka mto Ruvuma vikaingia Msumbiji. Askari wa King's African Rifles na wapagazi waliotolewa Kenya na nchi jirani walivifuata huko. Maelfu mengi ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa katika vita vile. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu yao.

Mwaka wa 1961 India iliitwaa Goa kutoka kwa Wareno, na Uingereza haikwenda kumpigania rafiki yake. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975, baada ya vita vya miaka kumi, na Angola ikafuata mwezi wa Novemba. Mapatano ya 1373 hayakuweza kuyazuia mambo hayo, wala haikufaa yayazuie.

Baada ya hapo nchi hizo mbili zilikaa pamoja katika Jumuiya ya Ulaya tangu Ureno ilipoingia mwaka wa 1986. Uingereza ilipotoka mwaka wa 2020, wengi waliuliza kama urafiki utapungua. Lakini mwezi wa Juni 2022 serikali zao zilitia sahihi tamko jipya la kushirikiana katika mambo ya ulinzi na mengineyo, na mwaka wa 2023 walisherehekea miaka 650.

NAWE MKULIMA?

Kenya nayo ina mapatano ya biashara na Uingereza hiyo hiyo. Yalitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2020, nayo yakaanza kutumika mwezi wa Machi 2021. Kwa mapatano hayo, chai, maua, maharagwe mabichi na mali nyingine za Kenya huingia Uingereza bila ushuru wa forodha. Kwa hiyo habari za Douro si hadithi ya kale kwako. Haya ndiyo twayaona yafaa kuyashika:

1. Mapatano hufungua mlango, lakini mali yako ndiyo inayopita mlangoni. Ushuru ukiondolewa, mali mbaya hubaki mbaya. Chuma majani mawili na chipukizi. Maziwa yawe maziwa, wala usizidi kipimo cha dawa juu ya mboga.

2. Jina ni la wote. Mchafuzi mmoja katika skimu huwaletea hasara majirani wote. Ukimwona mwenzako akichanganya mali, usinyamaze kwa haya. Mwambie, na asiposikia lipeleke jambo katika mkutano.

3. Usitegemee zao moja wala mnunuzi mmoja. Upendeleo waliopata wakulima wa Douro ulikwisha katika karne ya 19, Waingereza walipouweka ushuru wa mvinyo wote kuwa sawa. Aliyekuwa na zao la pili alilala usingizi.

4. Tenga eka ya chakula kwanza. Fedha za mauzo zikichelewa, watoto hawatakula stakabadhi.

5. Ingia mkutanoni, uliza, soma hesabu. Chama kinacholinda mali bora ni kitu chema, lakini chama ambacho wanachama wake hawana sauti huweza kuwageuka, kama walivyoona watu wa Porto.

Labda katika kijiji chako wewe na jirani yako hamna karatasi yoyote iliyotiwa sahihi. Lakini mnayo mapatano: mnazimiana moto, mnaazimana jembe la kukokotwa na ng'ombe, mnapeleka maziwa kwa zamu. Siku nyingine mtakosana kwa ajili ya mpaka au ng'ombe aliyeingia shambani. Wareno na Waingereza walikosana zaidi ya hayo, na kila mara walirudi mezani kwa sababu kila mmoja alijua anachopata kwa mwenzake. Msimu huu kabla ya mvua, kaa na jirani yako, mkumbushane mlichoahidiana. Kisha nendeni pamoja kwenye mkutano wa chama, mkaulize bei ya mwezi uliopita ilipangwaje.